Mashini ya muso yavuka ziwa: safari yetu ya Idjwi hadi Bukavu



Tangu tuliporudi kutoka Bukavu, vikundi vinne vimetuuliza swali moja: ile mashini ya okazio ya muso ilipona namna gani, na mlilipa ngapi? Jumamosi kikaoni hapakuwa na nafasi ya kueleza yote. Basi tunaandika hapa safari yenyewe, mahali tulipoingia, na yale ambayo fundi alituonyesha kwa macho yetu. Vikundi vingi vya kisiwa sasa vina mashini ya namna hii, na nyingi zinalala kabatini kwa sababu mtu mmoja alisema zimekufa.

Wale wasiojua mashini yetu, ni nyeusi, nzito kama tofali, ilitoka Ulaya ikauzwa Bukavu kwa dola 110. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mjerumani bila shaka, maana klaviye yake ni ya Kijerumani: Z na Y zimebadilishana nafasi, ukilinganisha na klaviye za Kiingereza tulizofundishiwa. Aliyezoea kuandika bila kutazama vidole, akitaka kuandika "yetu" anasoma "zetu". Ripoti moja ya mwaka ilikwenda mpaka kwa wafadhili ikisema "muso zetu", na hakuna aliyeuliza.

Ndani ya mashini hiyo zimo hesabu za kesi tatu: ya kijani ambayo ni akiba na mikopo, nyekundu ya misaada ya magonjwa na misiba, na ya buluu inayopokea pesa za nje. Kila mama ana karne yake ndogo ya michango, kweli. Lakini karne inaonyesha tu kile mama alichotoa. Faida ya mikopo, nani alichelewa kulipa na kwa siku ngapi, kila mmoja anapata ngapi siku ya kugawana, hayo yote yalikuwa kwenye mashini. Ikazima siku kumi na mbili kabla ya kugawana.

Mnajua yanayofuata. Siku ya kwanza watu wanasikitika. Siku ya tatu wananong'ona kisimani. Siku ya tano mume wa mwanachama mmoja alifika nyumbani kwa Mama Kesiere, akauliza kama mashini imezima yenyewe au imezimwa. Mama Kesiere hakulala usiku ule. Asubuhi tukaamua: watu watatu wavuke, Mama Prezidenti, yeye Mama Kesiere, na sisi tunaoshika kalamu. Mashini ikafungwa ndani ya kitenge, kiisha ndani ya mfuko wa plastiki, kiisha ndani ya begi la shule.

Kuvuka kutoka Idjwi Kusini ni jambo la asubuhi sana, wakati ziwa bado limelala. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanaanza kugonga. Boti ilikuwa imejaa mananasi, mbuzi wawili, na wamama wa biashara ambao walikuwa wamekwisha kupatana bei kabla jua halijatoka. Tulivaa jile, na begi la mashini tukaliweka juu ya magoti. Mtu asiliweke chini. Chini ya boti kuna maji siku zote, hata mwenye boti akiapa kwamba hakuna.

Ukikaribia Bukavu, mji unaingia ziwani kama vidole vya mkono, nyumba zimepangwa juu ya vidole hivyo mpaka kwenye maji. Upande wa kusini ndipo Ruzizi inapotoka ziwani na kushuka kwenda Tanganyika. Kwenye mto huo kuna mabwawa ya umeme, na lile la pili, Ruzizi II, lilianza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Maji yanayozunguka kisiwa chetu ndiyo yanakwenda kuzungusha zile tarbini. Kijijini kwetu hakuna hata nguzo moja ya umeme. Tunachaji kwa paneli za jua. Tunalisema hilo kwa sababu linarudi katika ugonjwa wa mashini.

Pale beach Muhanzi tulipanda, maana Bukavu ukishuka botini ni kupanda tu, mpaka barabara kubwa ya Patrice Emery Lumumba. Upande wa Nyawera na Feu Rouge ndipo kuna maduka mengi ya mashini, simu na fotokopi. Wanafunzi wanakwenda pale kuchapisha kazi zao za mwisho wa masomo, kwa hiyo mafundi nao wapo, wengine dukani, wengine barazani na meza moja na mwavuli.

Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa zuri, lina vioo na kiti cha mgeni. Kijana alibonyeza kitufe cha kuwasha, akaona taa ndogo inawaka na ekrani inabaki nyeusi. Dakika mbili hazikupita. "Wamama, karte mere imekufa. Hii haitengenezwi." Papo hapo akaonyesha nyingine kwenye kioo, dola 150, na yetu angeichukua kwa dola 15 "kwa ajili ya vipande". Mama Prezidenti aliuliza kitu kimoja tu: "Umeifungua?" Hakuwa ameifungua. Tukamshukuru, tukatoka na begi letu. Dola 15 kwa mashini ambayo ndani yake kuna mwaka mzima wa wamama thelathini na mmoja!

Fundi wa pili tulimkuta ndani ya kioski, nafasi ya watu watatu wakisimama wima. Dada mmoja anayeuza mitumba jirani yake ndiye aliyetuelekeza. Huyu hakubonyeza kitu. Aliuliza kwanza: "Mama zangu, mashini hii ilikuwa inafanya nini mbele ya kuzima?" Tukamweleza. Wiki nyingi ilikuwa inapata moto sana chini, upande wa kushoto. Mara nyingine ilizima ghafla katikati ya kazi. Ukisogeza waya wa sharjeri, inazima pia. Tarehe yake ilikuwa inapotea, kila asubuhi inasema ni Januari 2009. Halafu siku moja taa ikawaka, ekrani ikabaki nyeusi, nayo ikalia mara kadhaa kama kifaranga. Fundi akaandika yote kwenye karatasi. Akasema: "Hayo si ugonjwa mmoja. Mmeniletea magonjwa manne, na kila moja lina mlango wake."

Tulikaa kwake tangu saa za asubuhi mpaka jioni, na kwa sababu hatukukubali kutoka, alitufanya wasaidizi. Mama Kesiere alishika tochi ya simu. Sisi tulishika kisahani cha visi, tukizipanga kwa mfuatano zilivyotoka, maana visi ndefu ikirudishwa mahali pa visi fupi inatoboa kitu ndani.

Mlango wa kwanza ulikuwa sharjeri. Juu ya kijisanduku chake imeandikwa kwamba inatoa volti 19.5. Fundi alichomeka sindano mbili za multimetere kwenye ncha ya waya, ikasoma 19.4. Nzuri. Kisha akaanza kuukunja waya polepole karibu na shingo yake, pale unapoingia kwenye ncha, na namba ikaanguka hadi sifuri, ikarudi, ikaanguka tena. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, ngozi ya nje nzima. Batri ya mashini ilikuwa imekwisha kufa siku nyingi, kwa hiyo mashini ilikuwa inaishi kwa sharjeri peke yake. Kila mara waya ulipokunjwa, ilikuwa kama kumnyima mtu pumzi ghafla, na disiki inapokatwa umeme wakati inaandika inaweza kuharibika. Alikata pale penye ugonjwa, akaunganisha upya kwa risasi ya moto, akafunga vizuri. Nyumbani kila mmoja wetu anaweza kufanya nusu ya kipimo hicho bila multimetere: tazama kama taa ya kuchaji inawaka na kuzima ukikunja waya. Tena msizungushe waya wa sharjeri kwa nguvu kwenye kijisanduku chake baada ya kazi. Ufungeni kwa duara kubwa, legelege, kama kamba ya kuanikia.

Ekrani bado ilikuwa nyeusi. Hapa tulianza kuogopa tena, na yule kijana wa duka la vioo alitujia akilini. Fundi alitoa batri, akachomoa sharjeri, akabonyeza kitufe cha kuwasha na kukishika kwa sekunde thelathini. Anasema umeme kidogo unabaki ndani kama maji ndani ya mpira, na mashini nyingine zinaamka kwa hilo tu. Yetu haikuamka. Akamulika ekrani kwa tochi kwa upande, akitafuta kama kuna picha hafifu. Ikiwepo, basi kinachokosa ni mwanga wa ekrani tu, mashini yenyewe ni nzima. Hapakuwa na picha. Akaunganisha ekrani nyingine kwa waya, nayo ikabaki nyeusi.

"Sasa tusikilize kilio chake," akasema. Kumbe vile vilio vya kifaranga ni lugha: mashini inayolia inasema ni kipande gani hakijibu, na mara nyingi ni barete za kumbukumbu. Hivyo ni vibao vyembamba vyenye urefu wa kidole, chini ya kifuniko kidogo chenye visi moja au mbili. Yetu ilikuwa na viwili. Alivitoa, akachukua gomu ya kufutia penseli, gomu ya kawaida ya mtoto wa shule, akasugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu mpaka yakang'aa. Unyevu wa ziwa unayafanya yawe na ukungu usioonekana. Akapuliza vumbi la gomu kwa brashi, akarudisha kimoja tu. Kilio. Akakitoa, akaweka kingine.

Ekrani ikawaka.

Mama Kesiere alipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakatazama ndani. Barete moja ilikuwa imekufa kweli, nyingine nzima. Kwa hiyo mashini yetu ilirudi na nusu ya kumbukumbu yake, giga 2 badala ya 4. Ni ya polepole sasa. Ukiifungua unaweza kwenda kuweka sufuria jikoni na kurudi. Lakini karte mere ilikuwa hai.

Hapo sisi tulidhani ataendelea kutengeneza. Alikataa. "Kwanza tutoe mali ndani ya nyumba, halafu tutengeneze paa." Alitaka hesabu zinakiliwe kabla hajagusa kitu kingine, maana mashini iliyoamka asubuhi inaweza kulala mchana. Tulikuwa na flashi moja. Alipoichomeka, makabrasha yote yaliyokuwa ndani yalikuwa yamegeuka vijishale vya njia ya mkato, na hakuna kilichofunguka. Hiyo ni virusi, inaruka kutoka mashini za sekretaria za mjini mpaka flashi zetu. Wengi wakiona hivyo wanafuta flashi yote kwa kilio. Msifute. Mafishie yenyewe yapo, yamefichwa tu, na fundi aliyafichua kwa amri fupi kisha akasafisha flashi kwa antivirusi. Tulinunua flashi ya pili kwa dola 5. Hesabu zikawekwa kwenye zote mbili. Mama Prezidenti akafunga moja kwenye kona ya kitenge chake, Mama Kesiere nyingine kwenye yake, na ndipo wote wawili walikubali kula.

Baada ya chakula, paa. Ventilateri ya ndani ilikuwa na kitu kama pamba ya kijivu, kizito, kimekaa mbele ya vile vipande vya shaba ambavyo hewa inapaswa kupita. Hiyo ndiyo ilikuwa inapandisha moto, na mashini inapozidi moto inajizima yenyewe ili isiungue. Alitoa pamba ile kwa kibano, akasafisha kwa brashi, huku ameshika mabawa kwa kidole yasizunguke. Hakupuliza kwa mdomo, kwa sababu mdomo una mate. Pate iliyo juu ya ubongo wa mashini ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi, akaweka mpya, tone kama punje ya dengu. Kwa wamama: mashini isiwekwe juu ya kitanda wala juu ya mapaja yenye kitenge, maana matundu ya hewa yako chini. Ubao wa kukatia mboga unatosha kuwa meza yake.

Ugonjwa wa nne ulikuwa wa dola 1. Ile tarehe inayorudi mwaka 2009 inatoka kwenye betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, yenye namba CR2032. Ndiyo inayoitunzia mashini saa wakati imezimwa. Ikifa, mashini inasahau leo ni lini. Hatukuona umuhimu wake mpaka jioni.

Jioni tulilala kwa dada mmoja huko Kadutu. Tulitaka kutuma hesabu kwa barua pepe usiku uleule, ili zikae mahali pa tatu ambapo maji ya ziwa hayafiki. Simu ya dada ilikuwa na rezo nzuri na mega za kutosha. Tukafungua wifi ya simu ili mashini iipate. Mashini haikuona kitu. Tulizungusha macho yote, kumbe mbele ya mashini, chini ya kingo, kuna kiswichi kidogo cha kutelezesha ambacho kinazima wifi kabisa, na kitenge tulichoifungia kilikuwa kimekisogeza. Tukakisogeza. Sasa mashini iliona wifi za majirani watano, isipokuwa ya simu iliyokuwa kando yake.

Tulimpigia fundi, naye alijibu bila kusita. Simu mpya zinaweza kutuma wifi kwa masafa mawili, giga-herzi 5 au 2.4. Mashini nyingi za zamani zinasikia 2.4 peke yake. Simu ilikuwa inaongea kwa sauti ambayo masikio ya mashini hayafiki. Kwenye mpangilio wa simu, pale pa kugawa mega, tulichagua 2.4, na jina la simu likatokea mara moja. Akasema tena: ikishindikana kabisa, chukueni waya wa kuchajia simu, unganisheni simu na mashini, na muwashe kugawa kwa USB. Huo ni msaada hata kwa mashini ambayo wifi yake imekufa.

Rezo ikaingia, lakini barua pepe haikufunguka. Kila ukurasa ulisema mahali hapa si salama, rudi nyuma. Mama Kesiere alidhani ni wezi. Ilikuwa ile tarehe: betri ndogo ilikuwa mpya, lakini saa haikuwa imerekebishwa, bado mashini iliamini tuko mwaka 2009. Kurasa za intaneti zina kitambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa mtu anayeishi mwaka 2009 kitambulisho cha leo bado hakijazaliwa. Tuliweka siku, mwezi, mwaka na saa. Barua ikaenda.

Kulipokucha mega za dada zilikuwa zimekwisha. Mashini yetu ilikuja kutoka Ulaya na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuilinda tangu 14 Januari 2020, na muuzaji alikuwa ameibadilisha kuwa Windows 10. Hii, ikipata intaneti, inashusha mizajuri zake bila kuuliza nani analipa. Tulikuwa tumeiacha imeunganishwa usiku. Dawa yake ni kufungua mpangilio wa ile wifi na kuwasha maneno "connexion limitée". Kisha mashini inajua kwamba mega hapa zinanunuliwa kwa jasho, na inapunguza ulafi. Tulimnunulia dada mega nyingine kabla ya kuaga.

Kisiwani mambo ya rezo ni tofauti, na haya fundi wa mjini hakuyajua, tumeyapata sisi wenyewe. Idjwi inatazamana na Rwanda, na simu zetu sehemu nyingi zinashika minara ya ng'ambo. Alama zinajaa, unafurahi, kumbe uko nchi nyingine na uniti zinakwenda kama maji ya chujio. Zimeni itineransi ya data kwenye simu, na mchague kampuni yenu kwa mkono badala ya kuiacha simu ichague. Rezo ikiwa hafifu, msibebe mashini kupanda nayo kilima. Wekeni simu dirishani, upande unaotazama mnara wa Kongo, au itundikeni juu kidogo kwenye kikapu. Mashini ibaki mezani. Wifi ya simu inavuka chumba bila shida. Kinachohitaji kuona mnara ni simu, si mashini.

Na jua. Paneli inajaza batri kubwa ya volti 12, konvertiseri inageuza umeme huo kuwa wa prizi, na sharjeri inaugeuza tena kwa mashini. Konvertiseri za bei ndogo zinatoa umeme wenye makali. Ukisikia sharjeri inavuma na kuchemka kuliko kawaida, ni hiyo. Sisi sasa tunafanya kazi ya hesabu wakati jua liko juu, na tunachomoa kabla taa za jioni hazijawashwa na watoto hawajaleta simu zao zote kuchaji.

Pesa tuliyolipa ni hii: kazi ya fundi dola 10, waya wa sharjeri 2, betri ndogo 1, usafi na pate 3, flashi 5. Jumla dola 21, mbali na boti na chakula. Batri ya mashini hatukununua. Mpya ya kweli ni ghali, na zile za okazio tulizoonyeshwa hakuna aliyeweza kusema zina umri gani.

Siku ya kugawana hesabu zilichapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, zikasomwa jina kwa jina, kila mama ameshika karne yake. Majina mawili hayakulingana. Moja lilikuwa mchango wa wiki moja ulioandikwa kwenye karne ya mkubwa na kusomwa kwa mdogo wake, wanaitwa karibu sawa. Jingine lilikuwa faini iliyosamehewa na ambayo haikufutwa. Yote mawili yalimalizika palepale, mbele ya watu. Yule mume wa mwanachama alikuwepo, nyuma kabisa, amesimama. Alimwambia Mama Kesiere: "Mama, pole na safari." Mama Kesiere akajibu asante, akaendelea kuhesabu noti.

Alhamisi ya wiki ijayo Mama Kesiere anavuka tena. Safari hii anajua kutoa barete na gomu anayo yake. Kikundi chenye mashini inayolala kabatini kiilete kwa Mama Prezidenti kabla ya Jumatano jioni, na karatasi inayoeleza ilikuwa inafanya nini mbele ya kuzima. Ije na sharjeri yake. Bila sharjeri hatuipokei.